Nashuka matatu halafu sitaki kufika nyumbani. Huu ni uchovu gani?

#1 Ghorofa_ya_Nne · Jumanne, saa 4:12 usiku

Hamjambo wadau. Nina watoto wawili, mmoja ana miaka saba na mwingine mitatu. Nafanya kazi mjini, naishi Umoja, Nairobi. Kwa miezi kama mitano sasa, nikishuka stejini jioni siendi nyumbani moja kwa moja. Kuna mama anayechoma mahindi kando ya duka la dawa. Nanunua hindi la shilingi thelathini, nalila nimesimama, punje moja moja kama kuku mgonjwa. Mwanzoni zilikuwa dakika kumi. Wiki iliyopita nilisimama karibu saa nzima, mvua ikaninyeshea, mama wa watu akazima jiko na mimi bado nipo.

Nikifika nafanya kila kitu. Nakagua daftari, namwosha mmoja, namlisha mwingine, nawalaza. Hakuna anayelala njaa. Lakini mkubwa akinisimulia mambo ya shule najibu "ee", "haya", "kweli?" na sisikii hata neno. Juzi akaniambia, "Mama, nimesema simba amemla mwalimu na wewe umesema vizuri."

Kazini nacheka. Chamani nacheka. Ni nyumbani tu. Na siyo kwamba siwapendi. Naomba kujua hii ni kitu gani na inaanzia wapi. Msiniambie niombe, naomba.

#2 Kigogo_wa_Kayole · saa 4:20 usiku

Inaitwa maisha. Mamangu alilea watoto tisa bila mfereji wala stima na sikuwahi kumwona akila mahindi stejini. Nyinyi kizazi cha simu mnapewa jina la ugonjwa kila Jumatatu.

#3 Karo_Imeisha · saa 4:23 usiku

Hindi shilingi thelathini liko wapi? Huku kwetu ni hamsini na ni kibunzi.

#4 Zamu_ya_Usiku · saa 4:51 usiku

Mimi ni muuguzi, kliniki ya mama na mtoto. @Ghorofa_ya_Nne pole. Ulichoeleza kina watu waliokichunguza kwa miaka. Kule Ubelgiji, Chuo Kikuu cha Louvain, kuna Isabelle Roskam na Moïra Mikolajczak. Wameunda dodoso la maswali 23 la kupima uchovu wa ulezi, na wanaugawa sehemu nne: kuchoka hadi kwenye mifupa kwa kazi ya kuwa mzazi, kuona kwamba wewe si yule mzazi uliyekuwa zamani, kukinai (yaani huoni tena raha yoyote ya kuwa na watoto wako), na kujitenga nao moyoni. Hiyo ya mwisho ndiyo "ee, haya, kweli?" yako. Mwili uko jikoni, mwenyewe hayuko.

Na kuna mwendo wake. Kwa kawaida uchovu ndio unaotangulia. Mtu akishachoka sana anaanza kupunguza: anafanya yale ya lazima tu, chakula, sare, usingizi, na yale ya moyo anayaacha ili abaki na nguvu ya kesho. Raha inakauka. Kisha siku moja anajitazama na kuona aibu. Aibu nayo inachosha, basi mzunguko unaanza upya.

Kuhusu kucheka kazini: hicho ndicho kinachotufanya tuutofautishe na sonona (ile huzuni nzito isiyoisha, depression). Sonona kwa kawaida haichagui chumba, inakufuata hadi chamani. Huu unakaa kwenye ulezi. Lakini ukiachwa sana unaweza kukufikisha huko kwa sonona pia, kwa hiyo usijipimie mwenyewe kwa maneno yangu. Tafuta mtu wa kukupima.

Hapa kwetu mtoto tunampima uzito kila mwezi. Mama anashika tu daftari.

#5 Mtaalamu_wa_Google · saa 5:02 usiku

Nakazia. Shirika la Afya Duniani lilishatangaza mwaka 2019 kwamba uchovu huu wa wazazi ni ugonjwa rasmi.

#6 Zamu_ya_Usiku · saa 5:06 usiku

@Mtaalamu_wa_Google hapana. Mwaka 2019 WHO (hao hao Shirika la Afya Duniani) waliueleza uchovu wa kazini katika orodha yao ya magonjwa na hali za afya, ICD-11, na hata huo hawakuuita ugonjwa, waliuita hali inayotokana na kazi. Wakasema wazi usitumiwe kuelezea mambo mengine ya maisha. Mzazi hayumo.

#7 Mtaalamu_wa_Google · saa 5:07 usiku

Kwani kulea si kazi?

#8 Zamu_ya_Usiku · saa 5:09 usiku

Waulize wao Geneva, mimi nina zamu.

#9 Kisauni_Sanifu · Jumatano, saa 1:15 asubuhi

Ndugu zangu wa Nairobi, asubuhi njema. Msilaumu lugha kwa kukosa jina, lugha inayo. Kuna kuchoka, na mtu aliyechoka akilala huamka mzima. Kuna kuchoshwa, hapo pana mtu au kitu kinachokuchosha, na kulala hakukifukuzi. Na kuna kukinai: chakula ni kilekile, mpishi ni yuleyule, lakini koo limekataa. Mama wa mahindi, wewe umefika kwenye kukinai. Na wahenga walishasema, kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana.

#10 Karo_Imeisha · saa 1:21 asubuhi

Ona, Mpwani ameamka mapema kutufundisha ngeli. Wewe huko una madafu, unakinai nini?

#11 Baba_wa_Zimmerman · saa 2:40 asubuhi

Niko ndani ya matatu Thika Road, jamu imesimama, acha niandike.

Kwa maoni yangu hapa shida ni saa, si moyo. Natoka nyumbani saa kumi na moja, mtoto amelala. Narudi saa mbili na nusu, mtoto ana usingizi na hasira. Ule muda mtamu wa mtoto, kuanzia saa tisa hadi saa kumi na mbili, anaupata mtu mwingine. Sisi tunaletewa makombo: kuoga, kulia, kazi ya shule. Mngekuwa mnakutana na mtu yeyote katika saa zake mbaya tu, mngempenda?

Sheria ya ajira ya 2007 ilinipa wiki mbili za likizo ya baba mtoto alipozaliwa. Wiki ya pili bosi wangu alipiga simu kila siku. Mama watoto alipata miezi mitatu. Halafu basi, rudini barabarani.

#12 Nimechoka_Pia · saa 2:58 asubuhi

@Baba_wa_Zimmerman angalau wewe unarudi. Wangu akifika anauliza "watoto wamekula?" kama mkaguzi wa serikali. Sababu ya uchovu wa mama Nairobi ni moja: baba. Uzi ufungwe.

#13 Gredi_ya_Pili · saa 4:05 asubuhi (mapumziko ya chai)

Mimi ni mwalimu na najua mtaulaumu mtaala wa umilisi, CBC, kwa hiyo nimekuja kabla yenu.

#14 Karo_Imeisha · saa 4:07 asubuhi

Umefika kwa wakati, mwalimu. Tangu mtaala huu uanze kote 2019 nimeshona mwanasesere wa vitambaa, nimelima sukumawiki kwenye mkebe wa rangi, na saa tatu usiku nimebisha kwenye saiba ya jirani nichapishiwe picha ya ng'ombe. Ng'ombe! Tena ya rangi, shilingi ishirini. Mtoto alipata "amezidi matarajio". Mimi ndiye niliyezidi matarajio.

#15 Gredi_ya_Pili · saa 4:14 asubuhi

Nimecheka, lakini sikubali. Nina watoto 58 darasani. Kazi nayotuma ni mtoto asaidiwe dakika kumi. Wazazi ndio wanaoshindana kwenye kundi la WhatsApp, mmoja analeta nyumba ya kadibodi yenye taa za betri, basi wote mnalala saa saba mkitafuta betri. Hiyo betri sikuitisha mimi. Mzazi anayetaka kuwa kamili kila siku anachoka haraka kuliko yule anayeridhika na nusu, na hilo naliona kila muhula.

#16 Takwimu_Tupu · saa 5:30 asubuhi

Halafu Ubelgiji hawana CBC, hawana Thika Road, wana likizo nzuri kuliko zetu, na bado wako juu kwenye orodha. Kuna utafiti wa nchi 42, ulichapishwa 2021, wazazi 17,409. Ubelgiji, Poland na Marekani zilikuwa miongoni mwa zilizoongoza. Kilichoeleza tofauti za nchi kwa nguvu zaidi hakikuwa tofauti za kiuchumi, wala idadi ya watoto, wala saa unazokaa nao. Kilikuwa ni ile tabia ya jamii ya kila mtu na lwake, kila nyumba na mlango wake umefungwa. Kwa hiyo @Baba_wa_Zimmerman nadharia yako ya saa ina kasoro, na @Nimechoka_Pia nayo yako pia.

#17 Kigogo_wa_Kayole · saa 5:41 asubuhi

NILISEMA! Ni mambo ya wazungu.

#18 Takwimu_Tupu · saa 5:50 asubuhi

Hukusema hivyo, ulisema ni simu. Na Kenya haikuwa kwenye utafiti. Majirani wa Afrika Mashariki walioingia ni Rwanda na Burundi. Kwa hiyo huwezi kusimama hapo ukasema "Mwafrika hachoki." Isitoshe ukikaa ghorofa ya nne Umoja na hujui jina la mlango ulio mbele yako, wewe na Mbelgiji mna tofauti gani?

#19 Ghorofa_ya_Nne · saa 7:10 mchana

Jina la mlango ulio mbele yangu silijui kweli. Najua tu wanapika omena Jumapili.

#20 Mama_Jumanne · saa 7:33 mchana

Mimi jina langu hapa ni hivi kwa sababu Jumanne ni siku ya mazoezi ya viungo. Mwanangu ana miaka tisa na ana mtindio wa ubongo. Nambeba mgongoni kutoka ghorofa ya tatu, namshusha, narudi kuchukua kiti cha magurudumu, keateka (mtunza jengo) analinda. Matatu tatu za kwanza hazisimami wakiona kiti.

Nyinyi mnajadili saa na baba na CBC. Mimi nitawaambia kwangu ilivyokwenda. Miaka mitano ya kwanza sikuchoka, wallahi. Nilikuwa askari. Nilichoka daktari alipofurahi. Aliniambia mtoto anaendelea vizuri, na nikajikuta nahesabu miaka: vizuri hivi hivi hadi lini? Nikatoka hapo nikapita kituo cha mabasi cha Machakos Country Bus, mtoto nimemwachia dadangu, nikasimama kwenye basi la Kisumu. Kisumu sina mtu. Makanga akaniuliza, "Mama, unapanda?" Nikamwambia nasubiri mzigo.

Chama changu ni wazuri, walininunulia mtungi wa gesi. Lakini hakuna aliyewahi kunipa Jumamosi moja.

#21 Zamu_ya_Usiku · saa 8:02 mchana

@Mama_Jumanne nimesoma mara mbili. Hilo la basi wengi wanalo na hawalisemi. Wazo la kutoweka ni mojawapo ya dalili zinazotajwa sana, na limewapata watu wanaowapenda watoto wao kabisa. Likirudi, au likija lile la kujidhuru au kumdhuru mtoto, piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, haikatwi salio. Nimekutumia ujumbe wa pembeni.

Na kwa wanaotaka kujua, hawa wa Ubelgiji wanaueleza kama mizani. Upande mmoja mambo yanayokuchosha, upande wa pili yanayokubeba. Mtu haanguki kwa sababu ana mzigo mkubwa, anaanguka upande mmoja ukizidi mwingine kwa muda mrefu. Ndiyo maana mwenye watoto watano anaweza kuwa sawa na mwenye mmoja akawa taabani.

#22 Karo_Imeisha · saa 8:09 mchana

Yaani Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa. Kila jioni unafuliza, mshahara wa moyo ukiingia unakatwa wote, unafuliza tena.

#23 Mtaalamu_wa_Google · saa 8:30 mchana

Safari hii nimesoma vizuri kabla ya kuandika. Hao wa Ubelgiji walipima nywele za wazazi! Kotisoli, homoni ya msongo wa mawazo, hujikusanya kwenye nywele, na wazazi waliochoka hivi walikutwa nayo takriban maradufu ya wazazi wengine. Ilichapishwa 2020. Na walipokaa kwenye makundi ya kusaidiwa kwa wiki kadhaa, ikashuka.

#24 Nimechoka_Pia · saa 8:34 mchana

Mimi nywele zangu nilinunua Kenyatta Market. Wakizipima watapata mawazo ya mama fulani wa India.

#25 Shosho_Dagoretti · saa 12:20 jioni

Wajukuu, mjukuu wangu ndiye ananiandikia, kwa hiyo makosa ni yake.

Huyo wa #2 asiwadanganye na mamake. Mimi nililea sita, miaka ya 80. Nilikuwa na mama mkwe, mashemeji wawili ambao hawajaolewa, na mlango usiofungwa. Mtoto akilia, aliye karibu ndiye anayembeba. Hilo ni kweli na ninyi hamnalo.

Lakini tulichoka. Hatukuwa na jina, tulikuwa na mwiko wa ugali. Kitinda mimba wangu ana alama juu ya jicho. Siku ile hakuwa amekosa, alimwaga uji tu. Uji wenyewe ulikuwa kidogo. Sasa yeye ni mtu mzima ana gari, akija Krismasi naitazama ile alama, naye huvuta kofia. Hatujawahi kuizungumza.

Sijui kama ni huo mnaouita kukinai. Mimi nilijua tu kwamba siku hiyo nilikuwa nimeishiwa.

#26 Kisauni_Sanifu · saa 12:41 jioni

Shikamoo nyanya. Leo sina la kusahihisha.

#27 Dada_wa_Juu · saa 3:48 usiku

Naandika sasa kwa sababu wamelala.

Mimi ndiye yule "mtu mwingine" wa @Baba_wa_Zimmerman, anayepata saa tamu. Nafanya kazi ya nyumba, mtoto wa hapa ana miaka miwili na nusu. Ni kweli saa kumi ni tamu. Tunaenda kuangalia treni, anasema "pooo". Wa hapa sijawahi kumchoka.

Wangu ana miaka sita, yuko Mumias na mamangu. Napiga simu kila Jumapili. Zamani nilikuwa nalia nikikata. Siku hizi mama akimpa simu naanza kutafuta maneno. "Umekula? Umeenda shule? Haya, mpe shosho." Dakika mbili. Mwezi uliopita simu ilikuja mara tatu nikaitazama ikiita mpaka ikanyamaza, na nilikuwa nimekaa tu. Halafu nikatuma pesa, zaidi ya kawaida.

Sasa dada muuguzi, mimi silali naye, simwoshi, simpikii. Mtu anachokaje na mtoto ambaye hamlei?

#28 Baba_wa_Zimmerman · saa 3:59 usiku

Nimesoma hii mbele ya dada yetu anayepiga pasi. Nimeshindwa kumtazama.

#29 Takwimu_Tupu · saa 4:03 usiku

@Dada_wa_Juu hapo hata mimi takwimu sina. Labda si uchovu, labda ni kujikinga na uchungu.

#30 Zamu_ya_Usiku · saa 4:30 usiku

@Takwimu_Tupu labda. Ingawa kujikinga na kujitenga kwa nje vinafanana. Mwaka 1974, Herbert Freudenberger, mmoja wa walioanza kuuandika uchovu wa kazini, alikuwa anawaangalia watu waliojitolea kwenye kliniki ya bure New York. Hawakuwa wavivu. Walikuwa wale waliotoa sana bila kuona mwisho wake. @Dada_wa_Juu wewe unatoa kila mwezi na matunda yake huyaoni kwa macho. Sisemi ndilo jibu.

#31 Nimechoka_Pia · saa 4:38 usiku

Na baba yake yuko wapi? Mnaona? Nilisema uzi ufungwe.

#32 Gredi_ya_Pili · saa 4:44 usiku

Usiufunge bado. @Dada_wa_Juu mimi ninao darasani kama mtoto wako. Wengi wanaolelewa na nyanya huchora mama akiwa na simu. Wanamchora mkubwa kuliko nyumba.

#33 Kigogo_wa_Kayole · Alhamisi, saa 1:30 asubuhi

Basi jana nilimpigia mamangu ili nilete ushahidi hapa. Nikamuuliza, mama, wewe ulituchoka? Akacheka sana. Akasema, "Unakumbuka nilivyokuwa nikienda kuni jioni?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Kuni zilikuwepo."

Sina maoni zaidi.

#34 Karo_Imeisha · saa 1:36 asubuhi

Kwa hiyo mama wa watoto tisa pia alikuwa na steji yake. @Kigogo_wa_Kayole mpelekee hindi.

#35 Takwimu_Tupu · saa 1:52 asubuhi

Lakini angalia, yeye alienda kuni na watoto walibaki na watu. Hilo linarudi kwenye hoja yangu ya mlango.

#36 Karo_Imeisha · saa 1:55 asubuhi

Linarudi kwenye hoja YANGU. Kuni ni bure. Hindi ni hamsini. Pesa, wadau, mnaizunguka tu.

#37 Mama_Jumanne · saa 6:15 mchana

Mwenye pesa anaajiri @Dada_wa_Juu. Halafu @Dada_wa_Juu anaajiri nani?

#38 Ghorofa_ya_Nne · saa 3:20 usiku

Asanteni. Nimesoma yote stejini, hindi mkononi, kwa hiyo msinipongeze.

Jana nilimwomba mkubwa anisimulie tena habari ya simba. Akasema haikuwa kweli, alikuwa ananipima tu. Kisha akanipima tena leo: amesema shuleni kuna twiga. Nimemuuliza twiga gani, wa rangi gani. Akanitazama kama mtu anayekagua noti ya elfu, akaendelea kula. Sijui kama nimepita. Na ukweli ni kwamba dakika tano baadaye nilikuwa nimechoka hata kumuuliza.

@Zamu_ya_Usiku nimepata miadi wiki ijayo. @Mama_Jumanne, unakaa upande gani? Jumamosi moja ninayo, tarehe uchague wewe. Wangu watakuwepo, usitegemee utulivu.

Subirini, kuna mtu anagonga. Keateka anasema maji yamekuja, tunapewa hadi saa sita. Nina mitungi minane. Huyu wa omena naye ametoka na ndoo zake.

#39 Nimechoka_Pia · saa 3:24 usiku

Muulize jina basi!